Msaidizi wa Kisheria Bariadi: Nani Amfundishe, Nani Amlipe?

Kijana wa Bariadi, mkoani Simiyu, aliyemaliza kidato cha nne, akitaka kuishi kwa kazi ya sheria bila kufika hadi uwakili, ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni ya darasani: aende chuo, asome astashahada kisha stashahada ya sheria, arudi na vyeti vinavyotambulika nchi nzima. Ya pili ni ya kijijini: apate mafunzo ya wiki chache, asajiliwe kuwa msaidizi wa kisheria, aanze kusikiliza watu chini ya mwembe au kwenye ofisi ya kata. Njia ya kwanza inampa cheti lakini haimpi kazi hiyo. Ya pili inampa kazi mpaka imzidi, lakini haimpi mshahara.

Simiyu ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili kwa sababu mkoa wenyewe bado mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuzikata Bariadi, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga na kuongeza eneo la Busega lililokuwa Mwanza. Itilima nayo ikazaliwa kuwa wilaya. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497, wengi wao wakulima wa pamba na wafugaji wanaoishi vijijini. Nchi nzima ina mawakili zaidi ya 10,000, lakini wamejazana Dar es Salaam na miji mingine mikubwa. Kwa miaka mingi kesi ya kufika Mahakama Kuu ilipelekwa Shinyanga. Katika mazingira haya, mtu wa kwanza kuulizwa jambo la sheria ni jirani anayesemekana kuwa anajua.

Swali la uchambuzi huu ni jinsi gani jirani huyo aandaliwe, na ale nini akishaandaliwa.

Kazi yenyewe ni makaratasi na milango

Wengi wakisikia neno sheria wanawaza mahakama, joho na mabishano. Kazi ya msaidizi wa kisheria ni tofauti kabisa, na haieleweki mpaka uifuate hatua kwa hatua.

Chukua mjane wa Itilima. Mumewe ameacha shamba, ng'ombe na fedha kidogo benki. Anaenda benki, anaambiwa alete barua ya usimamizi wa mirathi. Kwanza anahitaji cheti cha kifo. Kisha ukoo ukae, umpendekeze msimamizi, na muhtasari wa kikao uandikwe na kutiwa sahihi. Muhtasari huo unapelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na maombi kwenye Fomu Na. I. Tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Asipotokea, au pingamizi likitupwa, msimamizi anateuliwa kwa Fomu Na. IV. Hapo ndipo familia nyingi huagana zikidhani mambo yamekwisha. Kumbe msimamizi bado anadaiwa na mahakama: ndani ya miezi minne apeleke orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, halafu atoe hesabu ya ugawaji kwa Fomu Na. VI. Shemeji aliyeteuliwa kuwa msimamizi anaweza kukaa na barua ile miaka, anauza ng'ombe mmoja mmoja, na mjane hajui kwamba anayo haki ya kurudi kwa hakimu kuuliza hesabu iko wapi.

Ardhi nayo ina ngazi zake. Kijijini kuna baraza la ardhi la wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Juu yake kuna baraza la kata. Mpaka 2021 baraza la kata liliweza kuamua nani mwenye shamba. Marekebisho ya sheria ya mwaka huo yaliliondolea mamlaka hayo, likabaki na usuluhishi tu. Likishindwa kupatanisha ndani ya siku 30, mlalamikaji anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kwa kawaida anatakiwa kuonyesha hati ya kata kwamba usuluhishi umeshindikana. Mwanakijiji asiyejua hili anaweza kupoteza msimu mzima wa kilimo akisubiri baraza la kata limpe hukumu ambayo halina tena uwezo wa kuitoa, au akapanda basi mpaka wilayani na kurudishwa mlangoni kwa kukosa karatasi moja.

Kazi ya msaidizi wa kisheria ni hiyo: kujua karatasi ipi inatangulia, mlango upi unafuata, na muda gani unahesabiwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya mwaka 2017, iliyomtambua rasmi, inamruhusu kutoa elimu ya sheria kwa jamii, kumsaidia mtu apate nyaraka anazohitaji, kumwelekeza kwenye chombo husika, na kuwashauri wanaogombana watafute suluhu. Inamkataza kufanya kazi za wakili, na inamkataza kumtoza pesa anayemsaidia.

Sheria ya mila haiko nje ya darasa

Usukumani msaidizi wa kisheria hawezi kujua sheria za Bunge peke yake. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 bado lina nguvu kwa jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba. Kwa kanuni zake, mjane hana fungu katika mirathi ya mumewe iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na mtoto wa kike amewekwa daraja la mwisho la warithi. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Kanuni hizi zinakutana katika shamba moja, na watu wa kwanza kuona mgongano huo si majaji.

Mgongano wenyewe uliwahi kufika mbali. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, wakati huo Bariadi ikiwa sehemu yake, walizipinga kanuni hizo Mahakama Kuu. Uamuzi wa mwaka 2006 ulikiri kuwa kanuni ni za kibaguzi, lakini ukakataa kuzifuta. Rufaa yao ikatupwa 2010 kwa sababu za kiufundi. Shauri likaenda kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imevunja haki zao. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikuwa ameamua katika kesi ya Ephrahim na Pastory kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo kama mwanamume.

Msaidizi wa kisheria anayeyajua haya hamwambii mjane kwamba mila imeshamaliza habari. Wala hamdanganyi kwamba ukoo hauna neno. Anamwonyesha mahali pa kusimama. Na anafanya hivyo kwa Kisukuma, kwa sababu bibi wa miaka sabini huko Itilima hatafafanuliwa mirathi kwa Kiingereza wala, mara nyingi, kwa Kiswahili.

Kuna mambo mengine ambayo mafunzo lazima yayatangulize kabla ya yote: yale yasiyosuluhishwa. Jamii yetu inapenda amani, na amani hiyo mara nyingine hununuliwa kwa ng'ombe. Binti wa shule amepewa mimba, wazazi wa pande mbili wanakaa, wanakubaliana idadi ya ng'ombe, yamekwisha. Tangu 2016, kumpa mimba au kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa lenye kifungo cha miaka 30. Mtuhumiwa wa uchawi naye haitiwi kikao cha usuluhishi ili atetee uhai wake. Kinachohitajika hapo ni polisi, na haraka. Msaidizi wa kisheria aliyefunzwa kusuluhisha tu, bila kufunzwa wapi usuluhishi unakoma, anaweza kuwa mshiriki wa uovu akidhani anajenga undugu. Hili ni zito zaidi katika eneo lililozaa ulinzi wa jadi wa Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambako watu wamezoea kumaliza mambo yao kwa mikono yao.

Njia ya darasani inafika wapi

Chuo kinachojulikana zaidi kwa ngazi ya astashahada na stashahada ya sheria ni Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, mkoani Tanga, upande wa pili wa nchi. Karibu zaidi kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Malimbe, Mwanza. Anayetaka kusoma bila kuondoka nyumbani anaweza kukitazama Chuo Kikuu Huria. Mwenye ufaulu wa masomo manne kidato cha nne anaweza kuanza astashahada. Akiendelea mpaka stashahada ni kama miaka mitatu kwa jumla.

Elimu hii ni nzuri. Inamfundisha mwanafunzi mikataba, madai, jinai, ushahidi na uandishi wa nyaraka. Tatizo linaanza siku anapomaliza. Zamani stashahada ya Lushoto iliweza kumfikisha mtu kwenye kiti cha hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Leo mahakimu wanaoajiriwa ni wenye shahada. Kinachobaki ni ukarani wa mahakama, ofisi ya wakili Mwanza au Shinyanga, au kuendelea na shahada kama ada ipo.

Kuna ajira moja ya serikali inayomrudisha kijijini, nayo inafunza mengi kuhusu tulivyopanga mambo. Matangazo ya kazi za Mtendaji wa Kijiji Daraja la III huorodhesha sheria miongoni mwa fani zinazokubalika kwa mwenye astashahada. Kwa hiyo serikali tayari inamlipa mtu aliyesoma sheria akae kijijini. Inamlipa akae upande wa serikali. Mgogoro wa mipaka ukizuka kati ya mwanakijiji na halmashauri ya kijiji, aliyesoma sheria ndiye katibu wa upande unaolalamikiwa, na mlalamikaji anabaki na jirani aliyefunzwa wiki chache, asiye na posho.

Lugha nayo ni pengo. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria, na mahakama za mwanzo zilikitumia tangu zamani. Vyuoni sheria bado inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kijana anatumia nguvu nyingi kukariri misamiati ambayo kazini atalazimika kuitafsiri mara mbili, kwanza kwa Kiswahili cha karani, halafu kwa Kisukuma cha mteja.

Njia ya kijijini inafika wapi

Msaada wa kisheria Tanzania una historia ndefu. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kamati yake mwishoni mwa miaka ya 1960. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 yalikuja mashirika kama chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na wasaidizi wa kisheria wakaanza kufunzwa mikoani. Tangu 2011 mfuko wa LSF, kwa fedha zilizotoka zaidi Denmark, umezisaidia asasi za wasaidizi wa kisheria wilaya kwa wilaya. Mwaka 2017 sheria ikaja, ikaweka Msajili wizarani na wasajili wasaidizi mikoani na kwenye halmashauri.

Mfumo huu una nguvu moja kubwa: mtu anachaguliwa akiwa tayari anaaminika. Ni mwalimu mstaafu, mama wa vikoba, mzee wa kanisa, kijana aliyewahi kuwa katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Haji na gari. Anajua nani alimpa nani shamba mwaka gani, na kwa nini shangazi haongei na kaka yake. Ujuzi huo hautoki Lushoto.

Udhaifu wake ni mmoja pia, na kila anayefanya kazi hiyo atakwambia: nauli. Kumsindikiza mjane mahakamani mara nne, kutoka kijijini hadi makao makuu ya tarafa, ni nauli mara nane. Kupiga chapa barua, kutoa nakala, kupiga simu kwa karani, vyote ni pesa. Mteja hatozwi, na asitozwe. Lakini gharama haifi kwa kukatazwa, inahamia mfukoni mwa anayejitolea. Mradi wa wafadhili ukiwepo, kuna posho ndogo na kitabu cha kumbukumbu. Mradi ukifungwa, wengine wanarudi shambani, na wachache wanaanza kupokea "maji ya kunywa" kutoka kwa wateja. Huko ndiko wanakozaliwa vishoka, wale wanaojifanya wanasheria na kuuza barua za madai zisizo na kichwa wala miguu.

Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2023 na kupita mkoa hadi mkoa, Simiyu ukiwamo, ilionyesha ukubwa wa kiu. Wanasheria walipofika vijijini, watu walijitokeza na mafaili ya migogoro ya miaka. Kampeni ina manufaa yake, lakini inakaa siku chache. Mirathi inachukua miezi, na mgogoro wa ardhi unaweza kuchukua miaka. Wageni wakishaondoka, faili linabaki mikononi mwa yuleyule jirani.

Kwa wenzetu

Marekani kazi hii ina sura nyingine. Huko mtu anasoma miaka miwili kwenye chuo cha jamii karibu na kwao, kwa ada nafuu, kisha anaajiriwa na ofisi ya wakili. Chama cha mawakili cha Marekani kimekuwa kikiidhinisha kozi hizo tangu miaka ya 1970. Lakini mhitimu wake ni msaidizi wa wakili: anaandaa nyaraka, anapanga ushahidi, na hapaswi kumshauri mteja kwa niaba yake mwenyewe. Mshahara wake unatokana na ada anayolipwa wakili. Bariadi haiwezi kuuiga mfumo huo moja kwa moja kwa sababu mawakili wa kuajiri watu hao hawapo wa kutosha, na wateja wenyewe hawana ada ya kulipa.

Kenya imejaribu kuziunganisha njia mbili. Sheria yake ya Msaada wa Kisheria ni ya 2016, na Kenya School of Law inatoa stashahada ya sheria kwa wanaotaka kuwa wasaidizi wa kisheria. Msaidizi anatakiwa kuthibitishwa na kufanya kazi chini ya wakili au taasisi iliyosajiliwa. Hata hivyo stashahada hiyo iko Nairobi, na nayo inavuta vijana kuelekea ofisi za mjini.

Somo linalopatikana kwa nchi zote mbili ni kwamba kozi ndefu humsogeza mhitimu kwenye malipo yalipo. Malipo yakiwa mjini, ataishia mjini, hata kama alisoma kwa ajili ya kijiji.

Mfano tulio nao nyumbani

Mfano unaotufaa zaidi uko kwenye afya. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga watu 137,294 katika miaka mitano. Wanachaguliwa na jamii yao, wanasoma kozi ya miezi sita kwa mtaala mmoja wa taifa, wanarudi walikotoka na kulipwa posho. Kwa miaka mingi kabla ya hapo wahudumu hao walikuwa katika hali ileile ya wasaidizi wa kisheria leo: wa kujitolea, wa mradi huu na mradi ule, wakiachwa mradi ukiisha. Taifa liliamua kuwa dawa ya malaria haiwezi kutegemea hisani. Mirathi na ardhi, ambazo zinaamua nani atalima na nani atafukuzwa, zinastahili uamuzi wa namna hiyo.

Mahali pa kufundishia papo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa miaka ya 1970 wakati wa Mwalimu Nyerere, kwa kuiga vyuo vya watu wazima vya Sweden, na leo viko zaidi ya 50. Vina mabweni, vinapokea watu walioacha shule zamani, na kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho vimewapokea mabinti waliokatishwa masomo kwa ujauzito. Simiyu kipo cha Malampaka, wilayani Maswa, kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza. Hiki ndicho chuo cha jamii kwa maana halisi. Leo vyuo hivi vinajulikana kwa ushonaji, useremala, umeme na kilimo. Hakuna sababu ya kielimu inayozuia kozi ya miezi sita ya usaidizi wa kisheria kukaa pale, kwa Kiswahili, ikiwa na mahakimu na maofisa ardhi wa wilaya kama wakufunzi wa muda, na mafunzo kwa vitendo katika Mahakama ya Mwanzo.

Waliokwisha kufanya kazi hii miaka kumi wasilazimishwe kuanza upya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi wa fundi uashi au mpishi aliyejifunza kazini: anapimwa, anaongezewa anachokosa, anapewa cheti. Mama aliyewasindikiza wajane mahakamani kwa muongo mzima anastahili kupimwa vivyo hivyo, na cheti chake kihesabiwe akitaka kuendelea na astashahada.

Likija suala la malipo, wengi watasema halmashauri ilipe, maana ndiyo iliyo karibu. Hapo ndipo mfano wa afya unapoachana na wa sheria. Mhudumu wa afya hashindani na halmashauri kuhusu malaria. Msaidizi wa kisheria anaweza kumsaidia mwanakijiji dhidi ya serikali ya kijiji iliyogawa malisho, dhidi ya mtendaji aliyetoza faini isiyo na risiti, au dhidi ya AMCOS ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Akilipwa na mkono huohuo anaoulalamikia, siku atakapohitajika zaidi atakuwa na udhuru. Itakuwa afadhali posho itoke Wizara ya Katiba na Sheria kupitia Msajili, iende kwenye asasi zilizosajiliwa za wilaya, kwa hesabu zinazokaguliwa, na halmashauri ibaki na kazi ya kutoa chumba na kumtambua.

Wapo watakaohofia kwamba kumlipa na kumpa cheti ni kufuga vishoka. Hofu hiyo ina msingi, lakini kishoka anastawi zaidi pale ambapo hakuna anayejua nani amesajiliwa. Orodha ya majina iliyobandikwa kwenye ofisi ya kata na mlangoni mwa Mahakama ya Mwanzo, ikiwa na maneno kwamba huduma hii hailipiwi, ingemnyima wateja haraka kuliko msako wa polisi.

Kijana wa Bariadi tuliyeanza naye anaweza basi kujibiwa wazi. Akitaka kazi ya ofisini, aende Lushoto au Malimbe, na ajue kwamba njia hiyo inaelekea mjini. Akitaka kuwasaidia watu wa kwao, mafunzo anayohitaji ni mafupi na yanaweza kutolewa Malampaka, pasipo kumtenga na lugha wala watu wake. Serikali ndiyo inayopaswa kukamilisha sehemu mbili ambazo hazimo mikononi mwa kijana huyo: chuo kiwe karibu na kijiji, na mlipaji awe mbali nacho.